«Discutez» si kugombana: maneno madogo yanayoangusha finalisti wetu

Mbele ya kuendelea kusoma, jibu kwanza hii ulizo, bila kutafuta ku simu.

«Toutes ces villes sont des chefs-lieux de province, sauf : 1. Goma 2. Bukavu 3. Bunia 4. Kindu 5. Butembo.»

Mutoto wa Goma anaona jina la muji wake pa namba ya kwanza. Goma ni makao makuu ya Kivu ya Kaskazini, anajua hiyo tangu primere. Anaweka 1, anapita ku itemu ingine, roho imetulia. Amekosa. Jibu ni Butembo: muji mukubwa, muji wa biashara, lakini si makao makuu ya jimbo. Basi kilichomuangusha ule mutoto si jeografia. Jeografia yake anaijua. Kilichomuangusha ni neno la herufi nne, «sauf», linalogeuza ulizo yote juu chini: hapa wanaomba ule asiyekuwa ndani ya kundi.

Ulizo hiyo nimeitunga mwenyewe, haikutoka ku karatasi ya Leta. Lakini kila mutu aliyepita ekzame ya Leta anatambua sura yake.

Kila mara matokeo yanapotoka, hapa ku redio simu inalia. Kuna wanaoita kwa furaha, na nyuma yao unasikia vigelegele na watoto wenye pudre nyeupe kichwani wanazunguka mu kartie. Na kuna wengine. Muzazi anauliza namna gani mutoto wake, aliyekuwa wa pili au wa tatu mu darasa, ameanguka, na jirani yake aliyekuwa nyuma amepita. Majibu watu wanayojipa tunayajua: nambari yake iliuzwa, kuna mutu amemufanyia kitu, wenye feza walinunua, shule haikutoa kitu kidogo, vita iliharibu mwaka. Mengine kati ya hayo ni kweli, sitasema hapana. Lakini kuna sababu moja ambayo sisikii watu wakiizungumuzia, nayo haiombe feza wala ulozi: mutoto alijua somo, lakini hakusikia alitumwa kufanya nini.

Ndani ya kila ulizo ya ekzame kuna neno la kutuma. Ukituma mutoto soko alete chumvi, na yeye akaleta mafuta, hata mafuta yakiwa mazuri namna gani, chakula cha leo hakina chumvi. Ndivyo musahihishaji anavyosoma kopi. Hapime mutoto anajua vitu vingapi. Anapima kama alileta kile alichotumwa.

Mimi mwenyewe nilianguka mara ya kwanza. Ile mwaka nilikuwa najiona fundi wa Kifaransa, nilikuwa nasoma magazeti ya zamani ya baba, na siku ya disertasio nilijaza kurasa zote mbele ya wengine. Nilitoka nikicheka. Kisha matokeo yalikuja, jina langu halikuwemo. Miezi mingi nyuma, wakati nilikuwa nauza kredi ya simu pembeni ya barabara, nilikutana na mwalimu moja wa zamani, nikamuelezea ile niliyoandika. Aliniuliza kitu kimoja tu: mwisho wa sujet kulikuwa neno gani? Nikamuambia «discutez». Akaniuliza tena: na wewe ulidiskite na nani? Nilinyamaza. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima za kukubali. Siwezi kuapa kama ni ile peke yake iliyoniangusha, sababu ekzame iko na vipande vingi. Lakini tangu siku ile naangalia maneno haya kwa jicho lingine, na mwaka uliofuata nilipita.

Kwa wale ambao hawajapita huko: ekzame ya Leta iko tangu 1967, na iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni ile tunaita «hors-session»: disertasio ya Kifaransa, Kifaransa cha kusema kwa kinywa, na kwa wanafunzi wa ufundi, kazi za mikono. Ya pili ni siku ine za itemu: utamaduni wa jumla, sayansi, luga, na masomo ya opsio. Ku disertasio unaandika wewe mwenyewe. Ku itemu unachagua jibu kati ya yale wanayokupa. Na neno la kutuma halijifiche mahali pamoja: ku disertasio ni kitenzi, mara nyingi mwisho wa fungu, ku itemu ni kaneno kadogo katikati, kanakopitwa na macho.

Tuanze na kitenzi kilichoniangusha.

«Discuter» sisi wote tunaijua, na hapo ndipo hatari yake. Ku soko la Virunga ao ku Kadutu, kudiskite ni kuteremusha bei. Ku salon ya kunyoa, kudiskite ni Mazembe na V.Club: unachagua kambi yako, unapandisha sauti, na unafia hapo. Basi mutoto anapoona «discutez cette affirmation», anachagua kambi na anafia hapo. Anakubali yote ao anakataa yote. Kumbe Kifaransa cha ekzame kinamutuma kinyume: chukua ile fungu, onyesha wapi iko na haki, onyesha wapi inakosa, kisha wewe mwenyewe simama mahali fulani na useme sababu.

Tuchukue mufano wa kujitungia: «Le téléphone portable est un danger pour l'élève. Discutez.» Wanafunzi wengi wataandika hatari tu: simu inakula saa za kusoma, inaleta picha mbaya, inafundisha kukopi. Vizuri, hiyo ni nusu ya safari. Nusu ingine iko wapi? Simu hiyo hiyo, siku shule zimefungwa, ndiyo ililetea watoto wengine masomo ku WhatsApp. Ndiyo inampa mutoto wa Walikale diksionere ambayo shule yake haina. Ndiyo inayoita muzazi kumuambia barabara si nzuri, lala kwa shangazi. Kisha sasa wewe unasema nini? Pengine utasema hatari haitoke ku simu, inatoka ku saa zisizokuwa na mwenye kuangalia. Pengine utasema kinyume. Musahihishaji hatafuti ukubaliane naye. Anatafuta kama ulipita pande zote mbili mbele ya kufika.

«Commentez» ni ndugu ya «discutez», lakini si pacha. Sisi watu wa redio tumeiharibu hiyo neno, sababu ku mupira mwenye kukomanta anasema yote anayoona. Ku ekzame, kukomanta ni kufungua fungu kama unavyofungua mufuko: hii neno inataka kusema nini, mwandishi alikuwa na nia gani, mufano wake katika maisha yetu ni upi. Hapo hawajakutuma kukataa. Lakini ukiona «commentez et discutez», simama. Hiyo «et» kadogo ni kazi mbili. Mutoto aliyefanya moja vizuri sana amefanya nusu.

Na kuna «dans quelle mesure», ambayo hata watu wazima inawapita. Si kuuliza kama ni ndiyo ao hapana. Inauliza: mpaka wapi? Ukijibu «ndiyo» kwa kurasa mbili, haujajibu.

Mwalimu moja wa Kifaransa, rafiki yangu, alinichekesha juu ya «dégagez». Watoto wetu wanajua «dégage!» kwa sababu ya barabara: ni neno la kufukuza, la mandamano, la polisi. Basi ku enterogasio aliandika «dégagez l'idée principale du texte», na mutoto moja akatafuta fungu la muhimu ndani ya teksti, akalipata kabisa, kisha akalifuta kwa mustari. Alikuwa ameelewa teksti! Alijua wazo kubwa liko wapi. Lakini alisikia kwamba wanamutuma kuliondoa, kumbe walimutuma kulitoa inje lionekane. Alipata sufuri. Rafiki yangu anasema tangu siku hiyo hatoi tena enterogasio bila kufasiria kwanza neno la kutuma.

Sasa tuache disertasio, tuangalie maulizo ya darasani, ya jeografia, istoria, biolojia. Kuna vitenzi vine ambavyo watoto wanavichanganya kila siku: «citez», «décrivez», «expliquez», «comparez». Nitatumia volkano yetu, sababu hakuna mutu wa upande huu asiyeijua.

«Citez les volcans actifs des Virunga en RDC.» Jibu: Nyiragongo, Nyamulagira. Imeisha. Majina mawili, mustari moja. Mutoto anayeandika ukurasa muzima juu ya lava amepoteza dakika kumi ambazo hazitarudi, na hakuna pointi hata moja imeongezeka.

«Décrivez l'éruption du 22 mai 2021.» Hapa wanaomba macho yako. Siku ya posho magaribi, mbingu nyekundu juu ya Goma. Watu na matela kichwani, wengine kuelekea Sake, wengine kuelekea mupaka wa Rwanda. Lava ikishuka, ikila nyumba upande wa Buhene, ikisimama karibu na uwanja wa ndege. Ni nini kilionekana, wapi, kwa mufuatano gani. Kuweka «sababu» hapa si kosa kubwa, lakini si kile walichokutuma.

«Expliquez l'éruption du Nyiragongo.» Hapa macho hayatoshi tena. Wanaomba «kwa nini» na «namna gani». Tuko juu ya bonde la ufa, mahali ambapo ngozi ya dunia inajivuta pande mbili na kupasuka. Majimaji ya moto yanapanda kupitia nyufa. Mwaka 2021 nyufa zilifunguka ku mbavu za mulima. Na lava ya Nyiragongo iko na silika kidogo, ni nyepesi kama uji wenye maji mengi, kwa hiyo inakimbia mbio kuliko lava ya volkano nyingi. Umeona? Hakuna matela hapo, hakuna mbingu nyekundu. Kuna kamba ya sababu, moja inavuta ingine. Kama katika jibu lako la «expliquez» hakuna neno «parce que», «car», ao «donc» hata mara moja, rudi usome: pengine umeelezea tu yale uliyoona.

«Comparez le Nyiragongo et le Nyamulagira.» Hapa ndipo wengi wanaanguka bila kujua. Wanaandika fungu refu juu ya Nyiragongo, kisha fungu refu juu ya Nyamulagira, na wanaweka biki chini. Hiyo ni kuweka watu wawili mu vyumba viwili. Kulinganisha ni kuwasimamisha pamoja: yote mawili yako ndani ya Parke ya Virunga na yote yanawaka mpaka leo, lakini Nyiragongo iko na mbavu za kusimama na inafika karibu metre 3 470, wakati Nyamulagira imelala kama sahani iliyogeuzwa, na inafika karibu metre 3 058, lava ya Nyiragongo inatisha muji, wakati ile ya Nyamulagira mara nyingi inaenda kumwangika ndani ya parke. «Wakati», «lakini», «yote mawili»: bila maneno hayo hakuna kulinganisha.

Mutoto asipojua alitumwa nini, anafanya nini? Anamwanga mufuko muzima. Anaandika yote anayojua juu ya volkano, akiamini kwamba ndani mule musahihishaji atajichagulia. Nimeona kaye za namna hiyo, kurasa tatu za kweli tupu, na pointi 2 ku 10. Muzazi anaona wino mwingi na anawaza mwalimu ni mubaya.

Ku itemu ni hatari zaidi, sababu itemu haina nusu pointi. «Sauf» tumeiona. Kuna «ne… pas», ambayo imekatwa na kitenzi katikati na jicho la haraka linaona kitenzi tu. Kuna «indiquez la proposition fausse»: mutoto anapata fungu la kweli, anafurahi, anaweka. Kuna «respectivement». Wakikuambia «les chefs-lieux de l'Ituri, du Maniema et du Sud-Kivu sont respectivement», jibu ni Bunia, Kindu, Bukavu, kwa mufuatano huo. Mahali pengine watakuwekea Kindu, Bunia, Bukavu, majina yale yale matatu, na ni kosa.

Istoria nayo iko na mutego wake. Wanakupa vitu vine: Ubelgiji kuchukua Kongo mikononi mwa Leopold wa pili, uhuru, kuanguka kwa Mobutu, mwisho wa mukutano wa Berlin. Mutoto anajua miaka yake yote: 1908, 1960, 1997, 1885. Anapanga vizuri kabisa, kuanzia wa zamani. Lakini ulizo ilisema «du plus récent au plus ancien». Alijua miaka yote mine, na hapati kitu.

Wa matematika nao wasicheke. «Calculez» inataka jibu. «Démontrez que» imekwisha kukupa jibu, inataka njia. Kuandika jibu tena chini kwa mistari miwili si kufanya kazi. Na «déduisez» inasema: tumia ile uliyopata juu. Kuna wanaoanza upya kutoka mwanzo, wanafika, lakini saa imeisha.

Basi kwa nini watoto hawajui maneno haya, na wamekaa ku masomo miaka 12?

Luga ni sababu ya kwanza, na si siri. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni luga ya Leta, na inataja luga ine za taifa: kikongo, lingala, kiswahili na tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu luga hizo kufundishia. Mu vijiji vyetu vingi mutoto anaanza na kiswahili ao luga ya nyumbani, kisha Kifaransa kinakuja kama mvua ya gafula. Anajifunza majina ya vitu: meza, kalamu, moyo, mapafu. Maneno ya kutuma hakuna mutu anayemufundisha, sababu kila mwalimu anawaza ni kazi ya mwalimu wa Kifaransa, na mwalimu wa Kifaransa iko na gramere ya kumaliza.

Lakini luga si yote. Nilimuuliza mwanafunzi moja wa mwaka wa mwisho anioneshe enterogasio zake za mwaka muzima. Karibu zote zilikuwa «définissez», «citez», «c'est quoi». Yaani kaye irudi ku karatasi. Miaka yote mutoto anafundishwa kukumbuka, kisha siku moja, ndani ya chumba asichokijua, mbele ya musimamizi asiyemujua, wanamutuma kudiskite.

Na mbele ya kupiga mwalimu jiwe, fanya hesabu yake. Kama iko na wanafunzi 60, kusahihisha «citez» ni magaribi moja. Kusahihisha «discutez» ni wiki nzima, taa ya sola ikizimika katikati. Kuna walimu wengi, wale wanaoitwa «nouvelles unités», ambao wanafundisha bila kuwa ku listi ya mushahara wa Leta. Tangu primere ilipokuwa ya bure, mu Septemba 2019, madarasa yamejaa, na watoto wale wanapanda sasa ku sekondere. Ongeza vita: mwanzo wa 2025 ilifika mpaka ndani ya Goma na Bukavu, masomo yakasimama, familia zikahama, kaye zikapotea njiani. Mwalimu anayetafuta kumaliza programu katika hali hiyo, kitu cha kwanza anachoacha ni kile kinachomukulia saa. Ninamuelewa. Lakini mutoto ndiye analipa.

Kuna wasikilizaji wanaosema dawa ni moja: ekzame iwe mu kiswahili. Mimi ni mutu wa kiswahili, ni luga ninayokula nayo, na nadhani siku moja tutafika huko. Lakini hata siku hiyo shida hii haitaisha yenyewe. Tanzania, mutihani wa mwisho wa shule ya musingi ya serikali ni mu kiswahili, na kiswahili nacho kiko na maneno yake ya kutuma: «taja», «eleza», «fafanua», «linganisha», «jadili». Mutoto ambaye hakufundishwa tofauti ya «taja» na «jadili» atakosa mu kiswahili kama anavyokosa mu Kifaransa. Na finalisti wa mwaka huu hangoje ile siku. Feza za kuingia ekzame muzazi wake amekwisha kulipa, pengine aliuza mbuzi.

Mahali pa pengo hili ndipo wauza majibu wanapata soko yao. Kila mwaka kuna wanaopitisha «majibu» ku simu usiku wa mwisho. Wengi ni waongo tu. Na hata kama si waongo, karatasi ziko za seri mbalimbali, na jibu la jirani si jibu lako. Lakini angalia ni nani anayenunua: mutoto aliyekwisha kuamini kwamba ulizo ni kitu cha giza, kwamba haiwezekane kuisoma na kuisikia. Ule aliyefundishwa kusoma ulizo iko na sababu moja ya kupunguza kununua.

Ninaona vitu viwili vinavyowezekana bila kungoja Kinshasa. Ku shule: ulizo moja ya «discutez» kila mwezi, nusu ukurasa, na wanafunzi wasahihishane wenyewe kwa kuuliza kitu kimoja tu, je, pande mbili ziko? Hiyo haimale mwalimu. Na ma-ispekta wanapopita kuona madarasa ya finalisti, wangeacha ukurasa moja ku mulango, wenye vitenzi 20 na kazi ya kila kimoja. Watoto wa primere wanaongoja ENAFEP nao wangefaidika, sababu ku karatasi zao «soulignez», «entourez» na «barrez» zinawachanganya vile vile: mutoto anapiga duara mahali walimutuma kukata.

Ya pili ni ya nyumbani, na muzazi asiyejua Kifaransa hata kidogo anaiweza. Ku kila mahali pa fotokopi wanauza itemu za miaka iliyopita. Nunua ukurasa moja. Magaribi, nyuma ya chakula, funika majibu kwa mukono ao kwa kaye, acha ulizo peke yake. Usimuulize mutoto jibu ni lipi. Muulize: «Hapa banakutuma nini?» Akujibu mu kiswahili, ao mu mashi, mu kinande, mu luga yoyote ya nyumbani. Akikuambia «banaomba ule asiyekuwa ndani», ao «banataka nipange kutoka wa mwisho», mukono wako utoke. Kama anaanza kutaja jibu mbele ya kusema alitumwa nini, funika tena. Mama moja wa kartie yetu amefanya hivyo na binti yake wakati wa msimu wa mvua, wakati umeme haupatikane, kwa mushumaa. Yeye mwenyewe aliacha masomo ku mwaka wa ine wa primere. Binti anasema siku za kwanza ilimukasirisha sana, sababu majibu alikuwa anayajua.

Mukitaka kuanza leo, hii hapa, nayo nimeitunga mwenyewe. «Un seul de ces lacs ne touche pas la RDC : 1. Albert 2. Édouard 3. Kivu 4. Tanganyika 5. Victoria.» Mutoto wa Kalemie ataruka ku 4, wa Bukavu ku 3, wa Bunia ku 1. Mufunike majibu.